Wa Kuigwa, Si wa Kuolewa

Watu wengi huitwa ofisini kwa mwalimu mkuu wakiwa na miaka kumi na tano, wamekamatwa na simu au na barua ya mapenzi. Mimi niliitwa nikiwa na ishirini na nane, nina leseni ya udereva mfukoni na begi la vifaa begani, na bado moyo ulinidunda kama wa mwizi wa chaki. Kosa langu? Lile lile. Mapenzi.

Lakini nianze na binti yangu, maana siku yenyewe ilianza naye. Usishtuke, sijazaa. Kila Jumatano mchana, vipindi vikiisha, watu wazima wapatao ishirini tunaacha kazi zetu na kuja shuleni hapa kujitolea. Yumo muuguzi, yumo dereva wa lori, yumo mpishi wa hoteli ambaye hawezi kukusalimia bila kukuuliza umekula nini. Kila mmoja wetu amepewa mwanafunzi mmoja. Hatuwafundishi hesabu, walimu wapo. Tunawasikiliza, tunawaonyesha kazi zilivyo, tunawashika mkono wasiteleze. Tunaitwa walezi. Mimi ni fundi friji, kwa hiyo wanafunzi wamenibatiza Gesi, na jina nimelipenda. Friji bila gesi ni kabati lenye taa.

Niliyepewa mimi ni msichana wa kidato cha tatu, mwembamba, mkimya, anayekutazama kama anayekupima urefu. Miezi mitano nimekuwa naye. Na miezi mitano, kwenye kadi yake, pale palipoandikwa "Mwanafunzi anataka kuwa," nimejaza neno moja kwa mkono wangu mwenyewe: fundi. Nikamnunulia na bisibisi ya mpini mwekundu. Nikawatambia walezi wenzangu, "Huyu ni mimi mtupu, ila hajaanza kelele!"

Sasa, siku ya mafunzo Mwalimu Mkuu alitupa sheria. Alisimama mbele yetu, mama mrefu, amenyooka kama mlingoti, akasema, "Msimjibie mwanafunzi. Muulizeni anataka nini, mara tatu. Jibu la kwanza huwa la mzazi wake. La pili ni la kukufurahisha wewe. La tatu ndilo lake. Na kikija kimya hapo katikati, kiacheni. Kimya hakimuumi mtu."

Mimi sikuwahi kuuliza. Unamuulizaje mtu ambaye ni wewe mtupu? Lakini leo ilikuwa kadi ya mwisho wa muhula, na kadi ya mwisho lazima mwanafunzi aitie sahihi. Nikaona niifuate ile sheria hata kwa heshima tu.

"Haya, mdogo wangu. Unataka nini?"

"Baba anataka niwe mwalimu."

"Wewe unataka nini?"

Akalitazama begi langu, akatabasamu. "Kuwa fundi."

Nikajiuma ulimi nisishangilie. "Wewe. Unataka nini?"

Akanyamaza. Akazungusha ile bisibisi mezani mara nne, mara tano. Mwisho akasema polepole, "Dada Gesi, usinichukie. Umeme unanitisha. Nataka kupima ardhi. Ile kazi ya kuchungulia kwenye kile kidude cha miguu mitatu."

Miezi mitano, jamani! Nimemlea mtoto wa watu kwa kujitazama mimi kwenye kioo! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Nikafuta "fundi," nikampa kalamu aandike mwenyewe. Bisibisi akataka kunirudishia.

"Baki nayo," nikamwambia. "Hata kidude cha miguu mitatu kina skrubu."

Hapo ndipo mhudumu wa ofisi alipochungulia mlangoni. "Fundi, unaitwa kwa Mwalimu Mkuu." Akashusha sauti, macho yakimng'aa kwa umbea. "Na mwanawe yumo ndani."

Mwanawe. Samahani, sijakutambulisha.

Mwana pekee wa Mwalimu Mkuu ni mfamasia, na ni mlezi mwenzetu wa Jumatano. Wanafunzi wanamwita Dozi, kwa sababu hata ukimuomba peni anakupa kwa upole na maelekezo. Nilimjua kabla ya haya yote, siku friji la dawa lilipozima dukani kwake. Nilimkuta amekaa sakafuni, kipimajoto mkononi, kama baba anayelinda homa ya mwanawe. Nilipomaliza hakuniambia asante kwanza. Alichukua pamba na spiriti, akanifuta grisi iliyokuwa kwenye kifundo cha mkono, taratibu, akiitazama ile grisi wala si mimi. Kisha akaniinulia macho. Ndugu msomaji, nimewahi kupigwa na umeme mara tatu katika kazi hii. Ile ilikuwa ya nne.

Tulizoeana polepole, na kwa Jumatano kumi na moja sasa, baada ya walezi kuondoka, tulikuwa tunakaa kwenye benchi la nyuma ya maktaba, chini ya dirisha la mkutubi, mpaka jua lipoe. Ni mahali pekee ambapo mdomo wangu huu huwa unapumzika.

Basi, nikagonga mlango.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ina kabati la vikombe vya mashindano, saa ya ukutani iliyosogezwa mbele dakika sita ili walimu wasichelewe, na kwenye kona friji dogo la maji. Nililisikia hata kabla sijaingia. Linawaka, linazima, linawaka, linazima. Mpira wa mlango umekwisha, nikajisemea, halafu nikajikaripia. Si muda wake.

Mwalimu Mkuu mwenyewe alikuwa nyuma ya meza. Dozi alikuwa kwenye kiti cha wazazi wakorofi, magoti pamoja, anachezea kifuniko cha kalamu. Aliponiona masikio yakamwiva.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa, begi miguuni. Akasukuma mbele yangu kitabu cha wageni. Kila mgeni anayeingia shuleni lazima ajaze: jina, sababu ya kufika, muda wa kuingia, muda wa kutoka. Watu wengine husoma magazeti. Mwalimu Mkuu husoma kitabu cha wageni.

"Walezi wote wanatoka saa kumi," akasema. "Wawili wanatoka saa kumi na moja na nusu. Jumatano kumi na moja mfululizo. Na mstari wako wa kutoka haukuandikwa na wewe. Huu ni mwandiko wa nani?"

Nikautazama. Ulikuwa kama njia ya sisimizi aliyelewa. Ni kweli, Dozi ndiye aliyekuwa akinisainia kutoka, mimi nikiwa nimebeba begi. Watu wawili wenye akili zao, mmoja ana shahada, na wameacha ushahidi kwenye kitabu cha mama mtu!

"Ni wa mtu wa dawa, Mwalimu. Hausomeki, lakini unaponya."

Dozi akakohoa, kikohozi cha mtu aliyemeza kicheko kikapita njia mbaya.

"Sikukuita unichekeshe."

"Hiyo ni bure, Mwalimu."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunaongea. Chini ya dirisha la maktaba, lipo wazi. Muulize mkutubi. Nadhani hata vitabu ameacha kusoma."

Mwalimu Mkuu akavua miwani. Bila miwani alifanana na mwanawe, macho yale yale ya upole, na hilo lilinivuruga kidogo.

"Nisikilize vizuri, binti. Sina haja ya kuzunguka. Mwanangu ataoa. Yupo daktari wa meno, binti wa watu wazuri, ametulia. Anamtaka."

"Anamtaka nani, Mwalimu?"

"Mwanangu anamtaka daktari. Tumeshaongea."

"Mmeongea, au umeongea?"

Friji likazima. Dozi aliacha kuzungusha kifuniko.

"Una mdomo," Mwalimu Mkuu akasema.

"Ninao, na wewe ndiye uliyeusifia." Nikasogeza kiti mbele. Sikuwa na hasira, nilikuwa na hakika, na hakika ina utulivu wake. "Mwanzo wa muhula ulinisimamisha mbele ya wasichana mia nne, na ovaroli langu hili hili. Ukawaambia, 'Mnamwona huyu? Kidato cha nne, chuo cha ufundi, hakungoja kubebwa na mtu. Mwigeni huyu.' Wakapiga makofi. Na wewe ulipiga makofi."

"Nilisema. Na nikirudishwa pale nitasema tena."

"Kwa hiyo nafaa kuigwa na mia nne, sifai kuolewa na mmoja?"

"Kuigwa ni kwa saa za mchana, binti. Ndoa haina kengele ya kutokea."

Ah. Hilo lilikuwa bao, nakubali. Huyu mama angekuwa mpinzani mwingine ningemnunulia soda.

"Ni grisi?" nikauliza. "Ni ngazi? Ni kwamba napanda juu ya mabati na wanaume?"

"Grisi inatoka kwa sabuni," akasema. "Na elimu usinisingizie. Marehemu baba yake aliishia shule ya msingi, na nikampenda hivyo hivyo mpaka nilipomzika." Akakinyoosha kitabu cha wageni kikae sawa na ukingo wa meza. "Nakukatalia kwa jambo moja. Mwanangu ni mpole. Toka umeingia humu umesema wewe, nimesema mimi, umesema wewe. Umemsikia yeye? Kwenye nyumba yenu nani atamsikia? Ukiolewa na huyu, binti, utakuwa umemuoa wewe."

Nikafungua mdomo nijibu.

Nikaufunga.

Lilinipata, maana asubuhi ile ile, samahani, mchana ule ule, nilikuwa nimegundua nimemjazia mtoto wa watu kadi kwa miezi mitano. Na sasa nilikuwa na hotuba tayari kooni, tamu, imepangwa, juu ya jinsi huyu mwanaume anavyonipenda. Nikamtazama. Shati lake la bluu lilikuwa na kidoa cha wino mfukoni. Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja daladala ambayo... hapana, hata mfano nauacha. Alikuwa ananitazama tu, akingoja nimsemee. Na mama yake alikuwa anangoja nimsemee, ili ashinde.

"Mwalimu," nikasema, "naomba nitumie sheria yako."

"Sheria gani?"

Sikumjibu. Nikageuza kiti, kikalia kama mbuzi, nikamkabili Dozi magoti kwa magoti.

"Unataka nini?"

"Anataka amani," Mwalimu Mkuu akadakia. "Hajawahi kupenda..."

"Mwalimu. 'Msimjibie.'"

Akabaki mdomo wazi. Halafu, na hili nitalisimulia mpaka kwa wajukuu, Mwalimu Mkuu akaufunga.

Dozi akaweka kifuniko cha kalamu mezani. "Nataka... nataka mama asiumie."

Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Jibu la kwanza. La mzazi.

"Unataka nini?"

Akaniangalia, macho yakalainika mpaka nikasahau kupumua. "Nataka wewe ufurahi."

Aisee, lilikuwa tamu! Mwanamke mwingine angelichukua hilo, akashukuru, akaondoka nalo nyumbani. Lakini nilikuwa nimetoka kuona jibu tamu kama hilo likigeuka kidude cha miguu mitatu. Jibu la pili ni la kumfurahisha mlezi.

"Wewe," nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuitambua. "Unataka nini?"

Akanyamaza.

Friji likawaka. Nikalihesabia sekunde ili ulimi wangu uwe na kazi. Kumi. Ishirini. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vidole vyote. Thelathini. Na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, niliogopa. Kwa sababu kama umemuuliza mtu kweli, lazima ukubali jibu lolote. Je, kama la tatu ni meno? Je, kama miezi yote ile kwenye benchi nilikuwa tena najitazama kwenye kioo? Ningebeba begi langu, ningetoka, ningesaini kitabu kwa mkono wangu. Nilikuwa tayari. Miguu tu ndiyo haikuwa tayari.

Friji likazima.

"Nataka kumuoa huyu," akasema Dozi.

Hakulisema kwangu. Alimgeukia mama yake.

"Mama, unadhani ananisemea. Kwenye lile benchi mimi ndiye ninayeongea. Jumatano kumi na moja, mimi. Nimemwambia habari za baba. Nimemwambia siku ile nilipokosea kipimo cha dawa nikashindwa kulala wiki nzima, jambo ambalo hata wewe hulijui. Yeye anakaa kimya ananisikiliza. Unamwona alivyo, mama. Unafikiri kwake hiyo ni kazi ndogo?"

Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Kuna vigae vya sakafu ambavyo vimeokoa heshima za watu wengi.

"Nakupenda, mama," akaendelea. "Nataka uwepo siku hiyo, ukae mbele. Lakini ukinuna, nitamuoa ukiwa umenuna."

Mwalimu Mkuu akavaa miwani. Akaivua. Akaifuta kwa kitambaa cha ubao.

"Na daktari wa meno nimwambie nini?"

"Msalimie. Mwambie meno yangu ni mazima."

"Hata utani amekufundisha!"

"Utani ni wako, mama. Ulikuwa nao baba alipokuwepo."

Mama yule aligeuza uso kuelekea kabati la vikombe, akakaa akivihesabu, na mabega yake yaliyonyooka siku zote yakashuka kidogo, kama mtu aliyeteremsha ndoo kichwani. Nilitamani kusema neno. Sikusema. Niandikieni hilo mahali.

Mwisho akavuta kitabu cha wageni, akakisukuma kwetu.

"Sainini kutoka. Saa kumi imeshapita. Kila mtu kwa mkono wake."

Nikasaini mimi kwanza. Dozi akachukua kalamu. Akatazama mstari wake wa siku ile, pale kwenye "sababu ya kufika," alipokuwa ameandika "ulezi" kwa ule mwandiko wa sisimizi. Akaukata. Akaanza kuandika upya, herufi moja moja, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, kila herufi imesimama peke yake imevaa viatu. Nikachungulia begani kwake.

*Kumposa mlezi mwenzangu.*

"Nipe," mama yake akasema.

Akasoma. Akafungua droo, akatoa kalamu nyekundu. Moyo wangu ukaenda mapumziko. Akaandika pembeni bila haraka, kama anavyoandika kwenye daftari za watoto, akatugeuzia kitabu tusome.

*Mwandiko umeboreka. Kazi irudiwe mbele ya wazazi wa msichana.*

"Mwalimu!" nikaruka. "Kwa hiyo umekubali?"

"Sijakubali. Nimesema mwandiko umeboreka." Lakini pembe moja ya mdomo wake ilikuwa imemsaliti, na ilikuwa pembe ile ile ambayo humsaliti mwanawe. "Jumamosi uje nyumbani, saa tisa. Nataka nikuone ukiwa umekaa, umenyamaza, dakika tano. Na usije na hilo begi lako. Nyumbani kwangu si karakana."

"Nitakuja, Mama." Neno lilinitoka lenyewe, na hakulirudisha.

Dozi akanifungulia mlango. Mkono wake ulitafuta wangu pale pale kizingitini, mchana kweupe, mbele ya kalamu nyekundu, na safari hii hakutazama grisi. Alinitazama mimi. Tukatoka hatua mbili, tatu. Nyuma yetu friji likawaka, likazima, likawaka, na nikashindwa. Nikarudisha kichwa ndani.

"Mama, lakini hilo friji mpira wa mlango umekwisha. Litakuunguzia mashine kabla ya muhula kufunguliwa. Na kama la hapa liko hivi, la nyumbani sijui liko vipi."

Akanitazama juu ya miwani kwa muda mrefu sana.

"Njoo na begi," akasema.